Majina Kumi na Moja

Kibokoni, Mombasa
9 Machi 2025

Shangazi Ndinda,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila joto limekaza hadi kuta za chumba changu zinatoa jasho. Ni mwezi wa Ramadhani, na Bi. Mwanarusi, mwenye nyumba, hataki kusikia kwamba mimi Mkristo sifungi. Kila magharibi hunigongea mlango na sahani ya viazi karai au vibibi. "Kula mwanangu," ananiambia, "njaa haina dini." Nimenenepa.

Sikio lako je? Wenzangu wananicheka kwa kukuandikia karatasi, lakini mara ya mwisho tulipopigiana simu ulisikia "Amina" peke yake. Isitoshe mwandiko wako nimeuzoea tangu darasa la pili, mama alipokuwa akinisomea barua zako. Baba sina habari zake. Usiniletee salamu zake kama hakuzitoa mwenyewe.

Kazi ni nyingi. Hapa kliniki ya Tononoka tulikuwa watatu wa kuona wagonjwa. Mmoja amekwenda ughaibuni, tumebaki mimi na Daktari Kioko mwenye kliniki. Wagonjwa sitini kwa siku, Shangazi. Kilichokuwa kikiniua ni barua za rufaa. Kila ninayempeleka hospitali kubwa lazima aende na barua ya Kiingereza safi, ama sivyo atarudishwa kesho na keshokutwa.

Sasa nimepata msaidizi. Ni programu ya akili unde, iko kwenye simu yangu, haina malipo. Naisimulia habari za mgonjwa wangu kwa Kiswahili changu cha mbio: jina, umri, simu, vipimo, dawa. Kabla sijameza mate barua imekamilika. Wiki jana bibi mmoja wa figo alipokelewa siku hiyo hiyo. Daktari wa huko alinipigia kuuliza nilisomea wapi. Nilicheka peke yangu.

Niandikie upesi. Mimi mwanao,
Mwikali


Wote, Makueni
2 Aprili 2025

Mwanangu Mwikali,

Marahaba. Barua yako ilikaa dukani kwa Naomi siku tisa kabla mtu hajakumbuka kuniletea. Mvua imenyesha mara mbili ikakata tamaa. Ndengu zimeota zikiwa na mashaka. Sikio ni lile lile. Mumo baba yako alikanyagwa na punda, amefunga mguu. Hakutoa salamu, kwa hiyo sizileti.

Nimefurahi kwa ajili ya yule bibi wa figo. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu na kuna jambo halinikai. Huyo msaidizi unayemsimulia, unasema si mtu. Haya. Ukishamaliza kumsimulia, maneno yanabaki kwa nani? Barua unaichukua wewe, lakini jina la mgonjwa na simu yake, je? Yanafutika, au kuna mahali yamekaa yanasubiri?

Nilipokuwa nesi, zahanati yetu ilikuwa na kabati moja la mbao. Faili zote humo, na ufunguo niliufunga kwenye ncha ya leso yangu. Hata kuoga nilikwenda nao. Wenzangu walinicheka pia. Ila kabati si kitu, mwanangu. Siri haitoki kabatini, hutoka kwa mwenye ufunguo.

Hayo ni ya kale. Kazi ile niliifanya miaka mitano tu, nikaacha.

Kula vizuri, lakini usimalize viazi vya watu.
Shangazi yako,
Ndinda


Kibokoni, Mombasa
11 Mei 2025

Shangazi Ndinda,

Shikamoo. Mvua zenu zote zimekuja kwetu. Kichochoro cha nyuma kimejaa maji, na Bi. Mwanarusi ameweka matofali tukipita tunaruka kama watoto. Mpe pole Baba kwa mguu. Nimesema.

Kuhusu lile swali lako, usiwe na wasiwasi. Simu ina namba ya siri na mimi silali nayo wazi. Watu duniani kote wanaitumia. Na kusema kweli sina nafasi ya kuwaza maneno yanakaa wapi wakati kuna mtoto anayetapika mlangoni. Tumepata afisa wa tiba mwingine kama mimi, anaitwa Ronald, kijana mwepesi wa kujifunza. Aliniuliza barua zangu zinatokaje nzuri hivyo. Nikabonyeza mahali fulani, nikamtumia linki ya mazungumzo yangu na ile programu ili aone ninavyouliza. Alifurahi sana. Aliiweka kwenye kundi letu la wafanyakazi ili kila mtu afaidike.

Nami nina swali. Kwa nini uliacha unesi? Mama alikuwa akisema hakukuwa na nesi kama wewe Makueni nzima. Nimehesabu miaka: uliacha mwaka ule ule mama aliponichukua tukaja Mombasa. Hukuwahi kuniambia.

Mwikali


Kibokoni, Mombasa
6 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yangu ya Mei hukuijibu. Nilidhani unaumwa, nikampigia Naomi dukani, akasema alikuona kanisani na ulikuwa ukiimba. Basi nimejua hutaki kujibu. Sikulaumu. Leo mimi ndiye mwenye la kusema, na sina mwingine wa kumwambia.

Jumamosi ya tarehe 14 Juni nilikwenda Biashara Street kutafuta leso ya kumpa Bi. Mwanarusi. Dukani nikakutana na Awino. Huyu alikuwa mapokezi kwetu, akaacha kazi mwezi wa pili. Sasa ni karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo karibu na bandari. Tukasalimiana, tukachagua leso pamoja. Halafu akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Kumbe yule Nyevu wa kantini ana homa ya ini. Sisi ofisini tumehama, tunakula kwingine."

Nikamuuliza nani amemwambia.

"Si ile linki yenu. Hamkunitoa kwenye kundi. Niliifungua tu nione kuna nini, nikaona jina ninalolijua."

Nyevu Ngowa ni mgonjwa wangu. Ni mama wa Kigiriama, ndiye mpishi na mwenye kantini ile wanamokula makarani. Aligunduliwa homa ya ini ya aina ya B alipopimwa damu, nami nikamwandikia rufaa kwa mtaalamu. Unajua wewe kwamba ugonjwa huo haupiti kwenye wali wala kwenye samaki. Wao hawajui. Siku niliyompa majibu alinishika mkono akaniuliza, "Hili linabaki hapa?" Nikamwambia linabaki hapa.

Nilikwenda nyumbani nikaifungua ile linki kama mtu wa nje. Shangazi, mazungumzo yote yalikuwamo. Nilikuwa nikiandikia barua zote mahali pamoja, moja chini ya nyingine. Majina kumi na moja, na simu zao, na vitambulisho, na magonjwa. Yeyote mwenye linki angeweza kusoma, na kundi lina watu thelathini na mmoja. Nani ameituma wapi sijui, wala sitajua.

Nilifuta. Jumatatu nikamwambia Daktari Kioko. Akaniuliza, "Kuna mgonjwa yeyote amelalamika?" Nikasema hapana. "Basi umefuta, imekwisha. Ukienda kusema utawatia hofu watu kumi na moja na utafunga kliniki. Wagonjwa sitini kwa siku waende wapi?"

Nilitamani awe anakosea kabisa, nipate kumchukia kwa raha. Lakini sheria tumeisoma sote: likitokea jambo hili Kamishna wa data aarifiwe ndani ya saa sabini na mbili, na wenye majina waambiwe. Leo ni wiki tatu. Nyevu hakuja kwenye miadi yake ya mwezi huu. Nilipita barabara ile juzi nikaona mabenchi ya kantini yake yamepinduliwa juu ya meza saa sita mchana. Nilitembea nikapita.

Mwikali


Wote, Makueni
13 Julai 2025

Mwanangu,

Nimejibu siku ile ile. Naomi atampa dereva wa basi mkononi.

Uliniuliza kwa nini niliacha unesi. Soma hadi mwisho kabla hujanihukumu, kisha unihukumu.

Mwaka wa 1996 mama yako alianza kukohoa. Nilimpima mwenyewe pale zahanati. Kilikuwa kifua kikuu, kinachotibika, dawa za miezi minane. Alikuwa mwalimu wa watoto wa chekechea. Aliniomba nisiseme, kwa sababu siku zile ukikohoa na kukonda watu walikuwa na jina moja tu la ugonjwa. Tuliojua tulikuwa wawili, mimi na baba yako.

Jumatano moja kwenye maombi ya akina mama, kiongozi aliuliza nani ana hitaji. Nilisimama. Nikasema tumwombee wifi yangu, kifua kinamsumbua, dawa zake ni za muda mrefu. Nililia nikisema. Nilidhani huo ni upendo, Mwikali. Tuliomba kwa bidii sana.

Wiki haikwisha wazazi wakaanza kuwaondoa watoto darasani kwake. Walisema ni ukimwi. Mama yako akajiuliza nani amesema. Mimi nilikuwa nesi, mwenye ufunguo kwenye leso. Mumo alikuwa mtu wa pombe siku zile. Nani angeshukiwa? Alimuuliza, Mumo akakana, hakumwamini. Alikuja nyumbani kwangu akalia kifuani mwangu akimlaani kaka yangu, nami nilikuwa nikimsugua mgongo. Baada ya mwezi akakuchukua, ukiwa na miaka minne, mkaenda Mombasa.

Alipona, unavyojua. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu ya kumwambia, hadi alipokufa. Nilimwandikia barua ngapi? Zote ulisomewa. Hakuna hata moja yenye neno hilo. Mumo aliacha pombe, akazeeka peke yake, nami namsalimia kila Jumapili.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Nakuuliza jambo moja tu, maana najua siri ikitoka haikai bila mwenyewe, watu humtafutia. Huyo Nyevu anadhani ni nani aliyesema?

Ndinda


Kibokoni, Mombasa
24 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Salamu hiyo naiandika kwa kuwa nililelewa kuiandika.

Barua yako ilinifikia tarehe 16 Julai. Nimekaa nayo wiki tano. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama ngazini. Bi. Mwanarusi akaniuliza kama nimefiwa.

Nitakuambia kwanza habari za Nyevu, kwa sababu wewe ndiye uliyenituma, hata kama hukutaka kunituma.

Swali lako lilinizuia kula. Jumapili ya tarehe 20 nilitoka kanisani nikaenda kwake, nyuma ya uwanja wa Tononoka. Alikuwa uani anasugua masufuria makubwa ya kantini, yale ya kupikia watu mia, ingawa yalikuwa safi. Aliponiona alidhani nimemfuata kwa sababu ya miadi. Akaniletea kiti. Nilikataa kukaa.

Nikamwambia, "Mama Nyevu, habari ya ugonjwa wako imetoka kwangu."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Niliiandika kwenye simu, kwenye programu ya kuandikia barua. Kisha nikaifungulia wengine bila kuangalia. Jina lako lilikuwamo."

Alisugua sufuria. Halafu akasema polepole, "Basi si Kadzo."

Kadzo ni mdogo wake. Walikuwa wakiishi pamoja, na ndiye mtu pekee ambaye Nyevu alimwambia. Kantini ilipoanza kutengwa, Nyevu alimtolea virago vyake nje. Kadzo aliapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yao. Nyevu akamwambia asimtaje mama yao. Kadzo alirudi kwao Kaloleni na mtoto wake, na walikuwa hawajasemezana tangu mwezi wa tano.

Alifuta mikono, akachukua simu, akampigia mbele yangu. Walisema Kigiriama, sikuelewa yote. Nilisikia jina la kliniki, kisha nikamwona akitikisa kichwa kama mwenzake anamwona. Alipomaliza, uso umelowa, akanitazama.

"Sasa nenda," akasema. "Leo sina neno la kukupa."

Kesho yake nilimwambia Daktari Kioko kwamba nimesema, na kwamba naandika kwa ofisi ya Kamishna, atie sahihi au asitie. Alinifokea. Alisema nimemchomea nyumba. Baadaye alasiri alikuja kwenye chumba changu cha kazi, akavuta karatasi, akatia sahihi bila kunitazama. Tumechelewa mno na tutaulizwa. Mimi nimeondolewa kwenye kuona wagonjwa mpaka uchunguzi uishe. Nakaa stoo nikipanga faili. Wale kumi wengine nimewaona mmoja mmoja, wengine pamoja na Ronald, ambaye anakonda kwa majuto. Mmoja alinitukana mbele ya wanawe. Mmoja aliniambia, "Mimi sijali, mradi barua yangu ilifika." Huyo ndiye aliyeniumiza zaidi, kwa sababu nilitaka kumshika mkono nimshukuru, na sikuwa na haki.

Ile programu hatujaitupa. Kuna sheria mpya ukutani: jina, simu, kitambulisho, mtaa, visiingie humo kabisa, na simu ya mtu binafsi isitumike. Ronald anaandika barua nyingi kwa mkono. Foleni imerefuka hadi nje ya lango, na watu wananung'unika, na wana haki ya kunung'unika.

Nilirudi kwa Nyevu mara ya pili. Nilitaka kumrekebishia. Nikamwambia nitakwenda ofisi za bandarini nikawafundishe makarani kwamba homa ya ini haiambukizwi kwa chakula.

"Utawafundisha kwa sababu gani?" akaniuliza. "Watasema mbona mtu wa kliniki amekuja leo? Sasa wengine wanashuku tu. Wewe ukienda, watajua. Utakuwa umenisema mara mbili."

Kadzo alikuwepo, ndani, akimwogesha mtoto. Alitoka akanisalimia kwa heshima na hilo nalo lilinikata. Nyevu ameanza miadi yake kwa mtaalamu, katika hospitali aliyoichagua mwenyewe. Kantini ameiachia mtu. Anapika biriani na pilau za shughuli huko Kisauni, ambako hakuna anayemjua. Aliniomba nisimtafute tena. Sitamtafuta.

Sasa wewe.

Nimemchukia Baba tangu nina miaka minne. Alipokuja kumzika mama alisimama mbali, nyuma ya watu wote, nami nilimwona na nikageuza uso. Ulikuwa kando yangu. Ulinishika bega.

Bado sijui nifanye nini na barua zako zote. Ziko kwenye sanduku na sizichomi. Lakini Baba simwambii mimi. Siri hiyo si yangu, na nimejifunza. Ni yako, na ana haki ya kuisikia kutoka kinywani mwako angali hai. Usiniandikie kabla hujakwenda.

Mwikali


Wote, Makueni
28 Septemba 2025

Mwikali,

Nimekwenda.

Ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita, asubuhi. Alikuwa uani akipepeta ndengu. Aliniletea kigoda nikakataa, maana nikikaa ningezungumzia mvua. Nilimwambia nimesimama. Nilimwambia yote, na maombi, na jinsi mkewe alivyolia kwangu, na jinsi nilivyonyamaza. Sikulia. Nilijikataza, kwa kuwa ningelia angenibembeleza, unajua alivyo. Au labda hujui. Hilo nalo ni kosa langu.

Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi. Akazimimina ndengu guniani. Ndipo akauliza, "Alijua kabla hajafa?"

Nikasema hakujua.

"Basi alikwenda akiamini ni mimi."

Nikasema ndiyo.

Aliniambia nirudi nyumbani. Hakupandisha sauti. Siku nne sikumwona, hata kanisani hakuja. Wazee walikuja kuniuliza kama anaumwa. Nikawaambia wamuulize mwenyewe.

Siku ya tano alikuja mlangoni kwangu akitembelea fimbo, mguu haujapona vizuri. Alitaka anwani yako. Nikaketi mezani, nikachukua kalamu nimwandikie, kama ninavyomwandikia barua za chifu na za ushirika, kwa sababu mkono wake ni mzito kuandika. Akasema, "Si wewe."

Akachukua kalamu akaenda nayo. Ameandika siku tatu. Naomi aliniambia alinunua karatasi mara mbili. Leo asubuhi ameniletea bahasha niipeleke basini pamoja na hii yangu. Ameifunga kwa gundi nyingi kuliko inavyohitajika, na mwandiko wa jina lako umepanda mlima.

Ninayo hapa mbele yangu nikiandika. Sijui amekuambia nini, na sikumuuliza.

Ndinda